Waamishi wa Waso

Leo hakuna somo la kuandika programu. Wale mliokuja kusoma sehemu ya pili ya hifadhidata mnivumilie, itatundikwa tu. Leo naandika kuhusu ng'ombe, dini na harusi ya kaka yangu mkubwa, na mkifika katikati mtaona kwamba teknolojia imo, tena nyingi.

Yote yameanzia kwenye jina la utani. Nafanya kazi na timu ambayo baadhi yao wako Nairobi na wengine Ulaya. Mimi niko Isiolo mjini, na kila mwezi naenda kwetu upande wa Garba Tulla, ambako mtandao hukatika kabla hujamaliza kusema bismillahi. Basi mwenzangu mmoja akaanza kuniita "Mwamishi". Anatania, hana ubaya. Lakini nikaenda kusoma hao Waamishi ni akina nani hasa, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kumwona baba yangu.

Kwa kifupi: ni Wakristo wenye asili ya Uswisi na Alsace, waliojitenga na wenzao mwaka 1693 wakimfuata Jakob Ammann, kisha wakahamia Marekani kuanzia karne ya 18. Leo wamefika kama 400,000, wengi wao Pennsylvania, Ohio na Indiana. Wanasafiri kwa magari ya farasi, na nyumba zao hazijaungwa na nyaya za umeme. Wengi wetu tunaishia hapo: watu wa zamani, wanaogopa mashine.

Si hivyo hata kidogo. Kila kanisa lao lina kanuni zake, wanaziita Ordnung, na kanuni hizo hujadiliwa na kubadilishwa. Swali lao si kama mashine ni dhambi. Wanauliza: hiki kitu kikiingia, kitatufanya nini sisi kwa sisi? Chukua simu. Karibu na mwaka 1910 Waamishi wa Lancaster, Pennsylvania, walikataza simu ndani ya nyumba. Baadaye wakakubali simu ikae kwenye kibanda kidogo nje, pembeni mwa shamba, itumiwe na majirani kadhaa. Ukitaka kupiga unatoka, unatembea, unapiga, unarudi. Simu haina ruhusa ya kukuita ukiwa mezani na watoto.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha maziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanunuzi wa maziwa huko Lancaster waliwaambia wakulima kwamba maziwa lazima yapozwe kwenye matangi makubwa, la sivyo hawanunui. Kwa Mwamishi mwenye ng'ombe wachache hilo lilikuwa suala la kubaki shambani au kuondoka. Wazee wakakaa. Wakakubali tangi, lakini mashine ya kupoza iendeshwe kwa injini ya dizeli badala ya umeme wa nyaya, na chombo cha kukorogea kitumie betri. Ila maziwa kuchukuliwa Jumapili wakakataa katakata, na wanunuzi wakakubali. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wataalamu wa programu na sijaona teknolojia ikichambuliwa kwa makini namna hiyo.

Sasa njooni Isiolo. Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002. Yaani nafasi ipo, maji ndiyo hayapo. Sisi Waborana wa huku tunaitwa wa Waso, kwa jina la mto Ewaso Nyiro, na ni Waislamu tangu enzi za mababu zetu wa karne ya 20. Mifugo ya familia hugawanywa mara mbili. Wanaokamuliwa hukaa nyumbani na mama na watoto, tunaita warra. Waliobaki huenda mbali na vijana kutafuta malisho, hao ni fora. Kaka yangu ameishi fora karibu maisha yake yote. Mimi niliwekwa shule.

Juu ya hayo yote wako wazee wa malisho, jarsa dedha. Dedha ni eneo la malisho lenye mipaka inayojulikana bila ua wala bango. Wazee ndio wanaosema nyasi za mvua ziliwe lini, za kiangazi lini, na zipi zisiguswe kabisa mpaka ukame ukaze. Mgeni anayetaka kuleta mifugo anaomba kwanza. Kisimani kuna mtu wake, aba herega, anayesimamia zamu ya kunywesha: leo ng'ombe wa fulani, kesho ngamia wa fulani. Nikiwaeleza wenzangu wa Ulaya nawaambia huu ni mfumo wa kugawa rasilimali, una foleni, una vipaumbele, una ruhusa, na ulikuwa ukifanya kazi kabla Linux haijazaliwa. Wanacheka, lakini wanaelewa.

Turudi kwa kaka. Mwaka 2019 alimwona msichana mmoja kwenye harusi ya jamaa zetu, Garba Tulla. Kwetu kabla ya kumwomba msichana namba ya simu unamwuliza ukoo. Waborana wote wamegawanyika mafungu mawili, Sabbo na Gona, na mtu wa fungu moja huoa kutoka fungu la pili. Kaka akauliza, akajibiwa, akashukuru Mungu, ndipo akaomba namba.

Mapenzi yao yakaenda kwa simu ya mulika mwizi. Kule fora mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja, na betri inachajiwa kwa kipande cha sola kinachofungwa mgongoni mwa punda. Kwa hiyo alikuwa akipanda kilima Alhamisi jioni, baada ya kunywesha. Msichana anajua ni Alhamisi, anakaa karibu na simu. Wakizungumza dakika kumi, ni wiki nzima. Niliposoma habari za kile kibanda cha simu cha Waamishi nilicheka peke yangu, maana sisi tunacho, ni kile kilima, ingawa hakuna mzee aliyekiwekea kanuni. Kimewekwa na minara iliyojengwa mbali.

Mapema 2020 wazee wetu walikwenda kwao na sukari, majani ya chai na buni, wakakubaliwa. Harusi ikapangwa baada ya mvua za hagaya, zile za Oktoba mpaka Desemba. Hilo nalo lina sababu. Mvua ikinyesha mifugo hurudi karibu, watu hukutana, maziwa yapo na samli ipo ya kukaangia buna kala, zile punje za kahawa ambazo bila hizo baraka za wazee zinakuwa pungufu. Waamishi wa Lancaster nao huoa zaidi Novemba, Jumanne na Alhamisi, mavuno yakishaingia ghalani. Mtu wa mifugo na mtu wa shamba wote kalenda yao iko mbinguni.

Hagaya ya 2020 haikunyesha. Ganna ya 2021, ile ya Machi mpaka Mei, haikunyesha. Hagaya ikafuata vivyo hivyo. Mwaka 2022, ganna na hagaya, hivyo hivyo. Misimu mitano mfululizo, jambo ambalo halijaonekana katika miaka 40. Kenya nzima ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Sisi tulianza na ng'ombe 43, tukabaki na 6. Namba ya kwanza unaisoma gazetini unapita. Ya pili ni kaka yangu kupiga simu toka kilimani, siku ambayo si Alhamisi, anataja ng'ombe kwa majina yao, na baba anasikiliza bila kusema neno.

Sala ya kuomba mvua ilisaliwa mara nyingi. Tulitoka uwanjani, wanaume wakageuza nguo zao ndani nje kama ilivyo sunna, imamu akalia mpaka sisi tukalia. Kuna msomaji mmoja hapa hupenda kuniuliza kama mtu aliyesomea sayansi ya kompyuta anaamini haya. Naamini. Najua pia maana ya La Niña, na sijaona vinapogombana.

Katika mwaka huo wa 2022 ndipo nilipokaa nikatengeneza ramani. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupiga picha ya eneo letu kila baada ya siku chache, na picha zake ni za bure. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha mwanga mwingine ulio karibu na mwekundu, ambao jicho halioni. Ukichukua tofauti ya hizo mbili ukaigawa kwa jumla yake unapata namba kati ya -1 na 1, inaitwa NDVI. Kadiri inavyokaribia 1 ndivyo kijani kinavyokuwa kingi. Si siri ya ajabu. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit Januari 2010, kwa utafiti wa taasisi ya ILRI, inatumia hesabu hiyo hiyo: kijani kikishuka chini ya kiwango, mfugaji analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Wajir ikaingia mwaka 2013 kwa njia ya takaful, ambapo wanachama wanachangia mfuko wa kusaidiana badala ya kununua bahati nasibu, na baadaye ikafika Isiolo. Sheikh wetu hakuwa na tatizo nayo. Na hapa tena Waamishi: wengi wao hawakati bima za kibiashara, ghala la mtu likiungua wanakuja mamia kulijenga upya, na tangu 1965 sheria ya Marekani inawaruhusu wasichangie hifadhi ya jamii ya serikali kwa sababu za imani.

Nikapeleka ramani kwa wazee wa dedha, kwenye simu yangu, chini ya mti. Wengine hawakuwa wageni wa mambo haya, maana mwanzoni mwa miaka ya 2010 wazee wa Isiolo walishakaa na wataalamu wakachora visima, njia na malisho yao juu ya picha za Google Earth. Waliitazama kwa muda mrefu. Mmoja akaweka kidole mahali palipong'aa kijani.

"Hapa umepaona kijani, mwanangu?"

"Ndiyo, aba."

"Ni mathenge. Ng'ombe atakufa amesimama katikati yake."

Setilaiti haitofautishi nyasi na mathenge kwa hesabu ile rahisi, na mzee anatofautisha akiwa amekaa. Hilo lilikuwa dogo. Swali lililofuata ndilo lililonikalisha: nani mwingine ataiona ramani hii? Nikasema yeyote mwenye simu. Wakatazamana. Ukionyesha dunia nzima penye nyasi, umemwonyesha pia mtu wa kaunti ya mbali mwenye ng'ombe 500 na lori, na umemwonyesha mwizi wa mifugo mwenye bunduki ni wapi vijana wako watalala wiki ijayo. Zile nyasi zilizowekwa akiba kwa ajili ya mwezi mbaya zaidi zinaliwa mwezi wa kwanza. Kaka yangu ni mmoja wa hao vijana wanaolala huko.

Wakatoa masharti. Ramani ichapishwe kwenye karatasi, ikae na wazee. Isionyeshe akiba. Programu isitume popote mahali mifugo ilipo. Kijana akitaka kujua, amuulize mzee wake, hata kwa simu. Hakuna aliyesema teknolojia ni mbaya. Nilihisi nimekaa na wale wazee wa Lancaster na matangi yao.

Wakati huo mshahara wangu ulikuwa unaingia kila mwezi. Nikamwambia baba: nitume pesa kwa M-Pesa, tununue mitamba sokoni Isiolo, kaka aoe, msichana wa watu asizeeke kwao. Baba akakataa. Pesa ya unga na ya maji ya lori aliipokea na kuniombea dua. Ya ng'ombe wa harusi, hapana.

"Ng'ombe wa soko anatoka kwa nani?" aliniuliza. "Kaka yako akigombana na mkewe, soko litakuja kukaa nao?"

Ilinichukua muda kuelewa. Kwetu kila ng'ombe wa nyumba mpya ana mtu nyuma yake. Huyu alitoka kwa mjomba. Yule ni handhura, mtamba ambao mtoto alipewa alipozaliwa, pamoja na uzao wake wote. Yule mwingine alitolewa na ukoo. Siku nyumba ikiyumba, wote hao wana haki ya kuja, kukaa na kusema. Kwa lugha ya kazi yangu, zizi ni mtandao wa kijamii na kila mnyama ni kiungo. Pesa yangu ingeleta wanyama wale wale bila viungo.

Namwelewa, na bado sikubaliani naye yote. Aliyekuwa akilipia ule uvumilivu hakuwa baba. Alikuwa msichana aliyeposwa akiwa na miaka 22, ambaye kufika 2022 alishakuwa na 24, na kwao walikuwa wameanza kumtaja mfanyabiashara mmoja wa mjini mwenye duka na Probox. Kwa desturi hakuna mwanamke anayekaa kwenye baraza la dedha. Na Waamishi nao, ninaowasifu hapa, huwatoa watoto shuleni wakimaliza darasa la nane. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki hiyo mwaka 1972. Kama baba angekuwa na kanuni hiyo, mimi nisingekuwa naandika programu. Yeye aliuza ng'ombe wanne kwa ajili ya mwaka wangu wa kwanza chuoni. Nawataja kwa sababu wakati wa ukame nilijikuta nikiwahesabu, kwamba tungebaki na kumi.

Msichana hakusubiri amekaa. Ngamia hustahimili kiangazi ambacho ng'ombe hawezi, na maziwa yake yana soko Eastleigh, Nairobi. Isiolo kuna akina mama wenye ushirika mzima wa biashara hiyo, Anolei, wanakusanya maziwa porini na kuyapandisha basi. Yeye alianza na mitungi miwili ya shangazi yake. Akawa anapigia wachungaji simu kuuliza nani amekamua kiasi gani, anaongea na dereva, anaongea na mnunuzi. Zile Alhamisi za kaka zikabadilika: nusu mapenzi, nusu bei ya lita. Kaka alilalamika kwangu. Mimi nilifurahi.

Mvua ikarudi Machi 2023, na mwishoni mwa mwaka ikaja nyingi mpaka ikawa mafuriko. Lakini mvua haileti harusi siku hiyo hiyo. Ng'ombe aliyekonda lazima anenepe kwanza ndipo apande, kisha abebe mimba miezi tisa. Mvua ya 2023 ni maziwa ya 2024. Katikati hapo ukoo ukakaa kwa ajili ya busa gonofa, ule utaratibu wa zamani wa kumwinua aliyeanguka: kila nyumba iliyobaki na kitu inatoa kitu. Karibu kila nyumba ilikuwa imeumia, na bado kaka alipata mitamba saba na ngamia wawili. Ngamia mmoja ulitoka kwa mzee yule wa mathenge.

Wakaoana Juni 2024, baada ya Idi ya kuchinja. Sheikh akafungisha nikaha, mahari ikatajwa mbele ya mashahidi, wazee wakapitisha buna kala, wakabariki kwa Kiborana, kila baraka watu wakiitikia. Nyirinyiri ilikuwepo, nami nilikula zaidi ya sehemu yangu. Upande wa wanawake, mama zetu waliweka kikapu mlangoni na kila aliyeingia akatia simu humo. Sijui waliamua lini, wala hawakumwuliza mwanamume yeyote. Ndiyo maana sina picha ya bibi harusi ya kuwawekea hapa. (Na kwa kuwa kwetu mkubwa hutangulia, foleni sasa imenifikia mimi. Tusiendelee na hilo.)

Shemeji ameendelea na maziwa. Anaandika hesabu kwenye daftari lenye kona zilizoliwa na mbuzi, na shida yake ni moja: maziwa yakifika Eastleigh yameharibika, anapata habari siku ya pili, wakati mitungi ya siku hiyo imeshapakiwa kwa mnunuzi yule yule. Juzi aliniita.

"Shemeji, wewe si unatengeneza hivi vitu?"

Anataka ujumbe mfupi, SMS ya kawaida, inayofika kwenye mulika mwizi: mtungi namba fulani, lita fulani zimepokelewa, fulani zimekataliwa. Bila intaneti. Ameweka masharti matatu. Mama mmoja asione hesabu ya mwenzake, akina mama wenyewe ndio waamue nani anaingizwa, na Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana isitume kitu. Nimeanza kuiandika Jumamosi iliyopita. Hilo la Ijumaa ni mistari minne tu, hilo la kwanza ndilo linanisumbua, kwa sababu mitungi huchanganywa Isiolo kabla ya kupanda basi. Mwenye uzoefu na mifumo ya SMS ya namna hii tuzungumze.